Fundi wa mtandao amezikwa, na kazi yake bado hatujaielewa

Mwezi uliopita tulivuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema kumzika mtu aliyetunza mtandao wa kompyuta wa chuo kikuu kimoja cha hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka ishirini. Jina lake silitaji, kwa kuwa familia bado iko kwenye majonzi, na kwa kuwa hoja ninayoileta inakihusu chuo kuliko inavyomhusu marehemu. Kaburini zilisomwa salamu nyingi za rambirambi. Alisifiwa kwa upole wake, kwa kupokea simu usiku wa manane, kwa kutomnyima mtu msaada hata pale shida yenyewe ilipokuwa waya wa printa uliochomoka. Hazikupita wiki tatu, watumishi wakatangaziwa kwamba nafasi yake haitajazwa: kazi ya mtandao inakabidhiwa kampuni kwa mkataba, na baadhi ya mifumo inahamishiwa kwenye seva zilizo nje ya nchi. Wengi niliozungumza nao wamelipokea tangazo hilo kama maendeleo. Mzee kapumzika, wanasema, na teknolojia nayo imekua kiasi cha kutomhitaji mzee mwingine.

Nadhani tumesoma vibaya yote mawili, msiba na tangazo. Mtandao wa chuo haununuliwi ukaisha. Mtu aliyenunua shamba la mpunga kule Magu au Kwimba hajanunua mpunga. Kingo za majaruba zisipoinuliwa kila msimu, maji yanakwenda zake na shamba linabaki nyasi. Tuliyempoteza alikuwa mwinua kingo. Alibeba kichwani ujuzi wa mahali, ujuzi ambao chuo hakikuwahi kuuandika, kuupa cheo wala kuulipa inavyostahili. Kumsifia upole peke yake kunalificha deni hilo, na mkataba, kwa namna ulivyoelezwa kwa watumishi, unalifuta bila kulilipa.

Ili kuona ukubwa wa mzigo wake inabidi kurudi nyuma kidogo. Nchi yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na marufuku ilipokuja kulegezwa, kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kazi hii ukubwani. Mpaka mwaka 2009 hapakuwa na mkongo wa faiba wa baharini uliotua Dar es Salaam. Chuo kilichotaka intaneti kilielekeza dishi angani, kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, na nusu sekunde inakuwa imekwisha hata kama kompyuta ya upande wa pili imejibu papo hapo. Bomba lenyewe lilikuwa jembamba na ghali. Vyuo vingi vya Afrika wakati huo viligawana kilobiti mia kadhaa kwa sekunde kwa maelfu ya wanafunzi, kiasi ambacho leo simu moja ikikipata mwenyewe analalamika kwamba neti haishiki.

Kazi ya fundi wa mtandao enzi hizo ilikuwa kugawa kilicho kidogo. Marehemu aliweka seva ya kutunza nakala za kurasa zilizokwisha kufunguliwa, ili mwanafunzi wa pili anayetafuta ukurasa uleule aupate humo humo chuoni bila kuurudia angani. Alizuia upakuaji wa mafaili makubwa mchana, akauruhusu usiku. Aliamua barua pepe zipite kwanza na video zisubiri. Uamuzi wa nani asubiri ni uamuzi wa haki. Ungehusu vyumba vya bweni au vitabu vya maktaba, ungeitishiwa vikao vitatu. Yeye aliufanya mbele ya skrini yake, akalaumiwa na wote, na hakuna aliyemuuliza ametumia kigezo gani. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipotua Julai 2009, ukafuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010, huku mkongo wa taifa ukianza kusambazwa mikoani, watu walidhani kazi ya kugawa imekwisha. Ilichokifanya ni kubadilika sura. Badala ya maabara moja yenye kompyuta chache, kila mwanafunzi akaja na simu mfukoni, wengine na kompyuta mpakato juu yake, na bomba lililopanuka likajaa upya.

Kuna jambo jingine, nalo ni la Mwanza hasa. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Usiku upepo unashuka kutoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto, mawingu yanajengeka, na ngurumo zinaendelea hadi alfajiri. Na mji huu umekaa juu ya mawe. Fundi akitaka kuipeleka radi ardhini hupigilia nondo ya ethi kwenye udongo wenye unyevu. Kwenye mwamba wa granite nondo haiingii, na hata ikiingia, jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Marehemu alijua ni majengo gani ya chuo yanakalia mwamba mtupu na ni yapi yako kwenye udongo wa bondeni. Kwenye mwamba alitafuta ufa wenye udongo, akachimba, akaizungushia nondo mkaa na chumvi, na kila kiangazi akapeleka ndoo za maji kwa mkono wake. Nimemwona akifanya hivyo, na nakiri kwamba miaka hiyo nilidhani anamwagilia mti.

Kati ya jengo na jengo alikataa kabisa waya wa shaba, hata pale umbali ulipokuwa chini ya mita 100 ambazo waya wa mtandao unaruhusiwa, na hata pale shaba ilipokuwa rahisi. Sababu yake ilikuwa hii: majengo mawili yenye ethi mbili tofauti yakiunganishwa kwa shaba, radi ikipiga jengo moja husafiri hadi la pili na kuunguza vifaa vya pande zote. Faiba ni kioo; inabeba mwanga na haibebi umeme. Mwaka mmoja mkandarasi wa jengo jipya alipitisha shaba bila kumwambia. Masika ya kwanza yakaondoka na swichi tatu, vile vifaa vya kuunganisha kompyuta za jengo, kwa usiku mmoja, na darasa langu likakosa mtihani wa kompyuta asubuhi yake. Alizitoa zile swichi, akaenda kuomba faiba kwa barua, akajibiwa kwamba bajeti imefungwa. Akavuta mabaki ya faiba aliyokuwa ameyaweka stoo, akayaunga mwenyewe. Barua ile, kama bado ipo, ndiyo salamu ya rambirambi niliyotamani isomwe Sengerema.

Sasa niwatendee haki wanaotetea mkataba, kwa sababu hoja yao kuu ni nzito. Wanasema mtandao unaomtegemea mtu mmoja ni mtandao mbovu, hata kama mtu huyo ni hodari. Akiugua, chuo kinaugua. Akifariki, nywila zinafariki naye. Kampuni ina mafundi wa zamu, ina vifaa vya akiba, na inaweza kudaiwa mahakamani. Marehemu asingedaiwa na mtu. Wanaongeza kwamba kazi ya chuo ni kufundisha na kutafiti, wala si kupanda darini na panya. Mengi ya haya ni kweli. Wiki ile ya msiba hakuna aliyeweza kuingia kwenye ruta kuu mpaka kijana mmoja aliyeajiriwa na chuo kwa mkataba wa muda alipokumbuka kikaratasi kilichobandikwa nyuma ya kabati. Hilo ni kosa, na sehemu ya kosa ni ya marehemu mwenyewe. Aliandika mambo kwa ajili yake, hakuandika kwa ajili ya atakayemfuata. Upendo wangu kwake haunizuii kulisema.

Lakini tazama hitimisho linavyorukwa. Kutoka “tusimtegemee mtu mmoja” watu wanafika “tusiwe na mtu wetu kabisa”, kana kwamba katikati hakuna kitu. Dunia ya mitandao imewahi kulikabili swali hilihili kwa ukubwa unaotutisha sisi wote. Jon Postel, mhandisi aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, alianza kuhariri nyaraka za kanuni za intaneti mwaka 1969, na kwa miaka mingi alisimamia orodha za namba na majina ambazo intaneti nzima inazitegemea. Wakati wake ndipo jina la nchi yetu, .tz, lilipoingia kwenye orodha hiyo. Alifariki tarehe 16 Oktoba 1998. Kesho yake mwenzake Vint Cerf aliandika kumbukumbu yake, ikatolewa kama waraka namba 2468 katika mfululizo uleule ambao Postel alikuwa ameuhariri maisha yake yote. Intaneti haikuzima, kwa sababu makabidhiano yalikuwa yameshaanza: ICANN, taasisi iliyoundwa kubeba kazi hiyo, ilikuwa imesajiliwa mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, na Postel mwenyewe alishiriki kuiandaa. Orodha haikutupwa kwa mzabuni wa bei ya chini eti kwa sababu mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja. Ilijengewa nyumba, yenye watu waliokwisha kuijua kazi.

Afrika nayo haikukaa bure. Nii Quaynor wa Ghana, profesa aliyejenga mitandao kwa mikono yake, na wenzake walianzisha mwaka 2000 AfNOG, jukwaa la waendesha mitandao wa bara hili, ambalo warsha zake zimefundisha wahandisi wa nchi nyingi kwa mtindo wa fundi kumfundisha fundi. Mwaka 2007 Quaynor alipewa tuzo yenye jina la Postel. Somo ninalolipata hapo ni kwamba dawa ya ujuzi uliojaa kwenye kichwa kimoja ni vichwa vingi zaidi karibu nacho. Mkataba wa matengenezo hauzai vichwa hivyo chuoni. Unavizaa kwa kampuni, na kampuni itavihamisha itakapopata mteja mkubwa zaidi Dar es Salaam.

Kuna pia suala la mkataba unapima nini. Mkataba wa huduma hupima kinachopimika kirahisi, yaani kiungo kutoka kwa kampuni hadi lango la chuo kimekuwa hewani kwa saa ngapi. Malalamiko ya wanafunzi yanaanzia ndani ya lango. Waifai ya ukumbi wa chini inajaa saa nne asubuhi. Swichi ya ghorofa ya tatu inapata joto kwa sababu feni yake imezibwa na vumbi na wadudu wa ziwani. Mtu wa mabomba amechimba mtaro na kukata faiba ya maktaba. Taarifa ya mwezi itaonyesha huduma bila dosari, huku mwanafunzi akiambiwa dirishani maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: mtandao unasumbua. Namna pekee ya kuandika mkataba mzuri ni kuwa na mtu upande wa chuo anayejua mambo haya, akayadai yaandikwe, na akaweza kukagua. Kwa hiyo hata anayetaka kampuni anamhitaji kwanza mrithi wa marehemu.

Kuhamishia mifumo nje ya nchi nako kunasemwa kama jambo lisilo na upande wa pili. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Hapa Mwanza siku zile kurasa za nje zilikuwa nzito kama mtumbwi uliojaa maji. Lakini wanafunzi waliokuwa kwenye waifai ya chuo hiki waliendelea kuangalia matokeo na kufungua mihadhara iliyorekodiwa, kwa sababu marehemu alikuwa amesisitiza mifumo hiyo ikae kwenye seva iliyo ndani ya uzio. Kutoka bwenini hadi seva hapakuwa na bahari ya kuvuka. Sisemi kila kitu kikae ndani. Nakala za akiba, kwa mfano, zinafaa kuwa mbali, maana moto au radi haichagui. Ninachosema ni kwamba kuamua kipi kikae wapi ni kazi ya akili inayohitaji mtu anayejua chuo kinaishije, na uamuzi huo umetangazwa hata wiki tatu hazijapita tangu anayejua azikwe.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyorudiwa na watu wenye shahada, ni kwamba mtandao wa chuo wenyewe umepitwa na wakati. Kila mtu ana bando kwenye simu, wanasema, na setilaiti za chini zinakuja. Kenya wana Starlink, huduma ya setilaiti hizo, tangu 2023. Anayesema hivi hajawahi kuhesabu nani analipa bando. Akikiondoa chuo, mzigo unahamia kwa mwanafunzi anayegawa bumu lake kati ya chakula, chumba cha kupanga Malimbe au Nyegezi, na nakala za notsi. Mihadhara ya video ya wiki moja inatosha kumaliza bando lake la mwezi. Halafu kuna majarida ya kitaaluma. Wachapishaji wengi huitambua taasisi iliyolipia kwa anwani zake za intaneti: ombi likitoka ndani ya mtandao wa chuo, mlango unafunguka; likitoka kwenye bando la simu, unaombwa kulipa dola. Mwanafunzi wa tiba anayekaa kitandani na bando lake yuko nje ya maktaba, hata kama maktaba yenyewe anaiona dirishani. Na dishi la setilaiti likifungwa juu ya paa, litaleta intaneti hadi kwenye paa. Kutoka hapo hadi kwa wanafunzi elfu kadhaa bado kunahitajika swichi, nyaya, ethi na mtu wa kuamua nani asubiri. Tumerudi palepale alipokuwa mwaka 2005.

Kwa nini basi vyuo vyetu haviwajengi watu hawa? Jibu langu ni mfumo wa vyeo kuliko uhaba wa fedha. Chuo kimewagawa watumishi wake mafungu mawili, wanataaluma na waendeshaji. Mwanataaluma anapanda kwa machapisho; kila makala ni ngazi, na ngazi ya juu ni uprofesa. Mwendeshaji anapanda kwa kukaa. Mtu aliyeokoa mihula mizima ya masomo hana chapisho la kuonyesha, kwa kuwa kazi ya mtandao ikifanywa vizuri haionekani. Daraja tulilovuka, lenye urefu wa kilomita tatu na ushei, kila aliyewahi kusubiri kivuko pale Kigongo anajua limemwondolea nini. Mtandao haumpi mtu kumbukumbu ya foleni. Kijana hodari anayeliona hilo anakaa chuoni mwaka mmoja au miwili, anapata uzoefu, kisha anakwenda kampuni ya simu au benki. Hamwezi kumlaumu. Marehemu alibaki, nasi tukakugeuza kubaki kwake kuwa tabia njema, badala ya kuona kwamba alikuwa akikilipia chuo kwa mshahara ambao hakuuchukua mahali pengine.

Suala hili ni la haraka sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 2021, unajenga majengo na kampasi za vyuo vya umma, pamoja na miundombinu ya TEHAMA, na vyuo binafsi navyo vinajenga kwa fedha zao. Kila jengo linakuja na kilomita za nyaya ndani ya kuta. Mkandarasi atakabidhi funguo na kuondoka. Ningependa kila baraza la chuo linalopokea jengo liulize, kabla ya kukata utepe, ni watu wangapi wameajiriwa kulitunza lililomo ukutani, na ngazi yao ya juu kabisa ya kupanda ni ipi. Muundo wa utumishi unaweza kumtambua mhandisi mkuu wa mtandao kwa hadhi na maslahi yanayokaribia ya mhadhiri mwandamizi. Unaweza kuhesabu mchoro wa mtandao uliokamilika, au kijana aliyefundishwa hadi akaweza kusimama peke yake, kama chapisho. Unaweza kukataza jina la chuo kwenye intaneti lisajiliwe kwa barua pepe binafsi ya mtumishi, jambo linalotokea mara nyingi na ambalo familia iliyofiwa ndiyo inayokuja kuhangaishwa nalo.

Ya chuo hiki bado yanaweza kurekebishwa. Mkataba haujasainiwa. Marehemu aliacha madaftari matatu makubwa, yale ya jalada gumu, yenye michoro ya penseli: faiba inapita upande gani wa mwembe, nondo ya ethi iko hatua ngapi kutoka kona ya jengo, tarehe aliyobadilisha kila betri. Yako nyumbani kwake, kwenye sanduku moja na vyeti vyake. Mjane wake ameniambia kwamba hakuna aliyekuja kuyaulizia, isipokuwa yule kijana wa kikaratasi, aliyepanda gari kwa nauli yake na kushinda mchana kutwa akipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu. Alimaliza madaftari mawili, giza likaingia. Mkataba wake wa mwaka mmoja unaisha mwezi ujao.